Chombo Alichokiacha Faki

Nyumba ya Mwanatabu pale Mtongwe ilikuwa na mlango mzuri wa mninga, lakini hapana mtu wa Likoni awezaye kuapa kwamba aliwahi kuuona umefungwa. Ukitaka kujua nani kaposwa, nani karudi kwao na sanduku kichwani, meli gani imetia nanga nje na nani kafumaniwa na nani, hukuwa na haja ya kwenda bandarini wala sokoni. Ulikwenda kwa Mwanatabu alasiri, ukanunua viazi vya karai, ukajipenyeza pahali baina ya waliokwisha kaa, na habari zikakujia zenyewe, moto kuliko viazi.

Siku moja ya mwezi wa Novemba, mwaka ule wa sitini na tatu, watu hawana neno jingine ila Mwambao na bendera mpya ya uhuru, Mwanasaumu akaingia na kitu kirefu alichokizonga kwa leso kama mtoto mgonjwa. Baraza zima likanyamaza. Kimya katika nyumba ile kilikuwa kitu kigeni, hata mafuta yakasikika yakichemka karaini.

Alipita baina ya watu bila ya kumtazama mtu, akaenda moja kwa moja uani, kwenye meza ya kazi ya Boga. Boga alikuwa ndugu yake Mwanatabu, tumbo moja, mdogo wake wa kufuatana. Kazi yake ya mshahara ilikuwa ufundi wa mitambo katika karakana ya kampuni moja iliyokuwa ikipeleka mahitaji melini. Akitoka huko, alikaa pale uani akitengeneza cherehani za watu, majiko ya stovu, chochote chenye kuzunguka. Alipomwona mgeni wake akaweka tupa chini.

"Karibu, shemeji."

"Nishakaribia." Mwanasaumu akafungua leso. "Wakijua hichi?"

Boga alikijua. Ilikuwa *Kipungu*, lanchi ya kampuni ile, nzima nzima, ila urefu wake mikono miwili tu: mbao za mvule, nyumba ya usukani yenye vidirisha vya kioo cha kweli, hata kamba ya kufungia imesukwa kwa uzi. Marehemu Faki, mume wa Mwanasaumu, aliichonga kwa mkono wake mwaka mzima. Kwa mzungu mmoja wa meli aliyekuwa akirudi kwao alipata redio yake: kisanduku chenye kibonyezo kimoja, unakishika mwenyewe ukiwa ufukoni, na chengine kidogo kinachokaa ndani ya chombo, kikisikia na kugeuza usukani. Mwili ulikuwa tayari na masikio yalikuwa tayari. Kilichokosekana ni mota, shafti na rafadha ya kukisukuma. Kwa hayo Faki alikuwa akimngoja rafiki yake Boga. "Mimi nimefanya kichwa," alikuwa akisema, "wewe nitilie moyo na miguu."

"Dada yako kaja kwangu na posa yako," Mwanasaumu akasema. Sauti hakuipandisha, lakini masikio ya barazani yalikuwa yameshafika uani kabla yake. "Sikukataa, wala sikukubali. Wewe ni mtu mwema, shemeji, tangu Faki afe hujaniacha nikose kuni wala samaki. Lakini siwezi kutoka kwa mume mmoja kwenda kwa mwengine, na chombo hichi kimekaa juu ya kabati chanitazama. Kimalize. Nikione kikienda na kikirudi. Kikenda, kabla bendera haijabadilishwa, mwambie dada yako alete tambuu."

"Na kisipokwenda?" Boga aliuliza, nusu mzaha.

"Basi Faki hajanipa ruhusa."

Huko mbele Mwanatabu hakuweza kujizuia, akapiga kigelegele. Watu wakacheka, na nyumba ikarudia kelele zake.

Boga hakucheka. Alikuwa akitazama nyuma ya chombo, pale chini, mahali Faki alipokwisha kutoboa tundu na kulehemu bomba la shaba la kupitishia shafti. Ndani, kwenye ncha ya bomba, Faki aliweka kijikombe cha shaba chenye kifuniko cha kukaza. Aliiga kila kitu cha lanchi ya kweli, hata glandi hakuisahau.

*

Jinsi Faki alivyokufa kila mtu alijua, ama alidhani ajua. Mwezi wa Agosti mwaka uliotangulia, bahari imechafuka kwa kusi, *Kipungu* ilikuwa ikirudi kutoka meli iliyotia nanga nje. Faki ndiye nahodha wake. Karibu na mlango wa bandari maji yakajaa chumba cha injini. Mabaharia wawili wakajitupa wakaokolewa, Faki akashuka chini kutazama maji yatokako, asipande tena. Kampuni ikaandika barua: nahodha hakukagua maji ya chini kwa wakati, alizembea. Barazani barua hiyo ikapikwa upya na kutiwa viungo. Alisinzia, walisema. Mirungi ile, walisema. Mwisho wake Mwanasaumu akawa hawezi kwenda harusini ila asikie nyuma ya buibui: "Yule ndiye mke wa aliyelala." Na waliosema hivyo, wengine wao, walikuwa wamekula pilau ya harusi yake.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Boga ndiye aliyekuwa kata.

Baba yake Boga alikuwa mkalafati, mtu wa kuziba mashua kwa pamba na mafuta ya sifa, na neno lake lilikuwa moja: chombo kikivuja, aliyekiziba akajifiche. Mwana akakua na neno hilo. Alipoingia karakana, fundi wake, mzee mmoja Singasinga, alimwonyesha glandi, kile kikombe cha shaba mahali shafti inapotoka nje ya chombo, kinachoshindiliwa utambi wa pamba ili bahari isiingie. "Hii usikaze sana," mzee akamwambia. "Acha ilie. Tone moja, ngoja, tone moja. Maji yale ndiyo yanapoza shafti." Boga akaitikia ndiyo, na moyoni akacheka. Chombo kilie, naye ni mwana wa mkalafati!

Wiki ile ya Agosti Singasinga alikuwa mgonjwa, na glandi ya *Kipungu* akaifunga Boga peke yake. Aliushindilia utambi kama anayeziba jahazi, akakaza nati mpaka mwisho wa uzi wake. Faki akaja, akapitisha mkono chini ya glandi, akautoa mkavu. "Mashaallah, Boga! Kavu kama ulimi wa mfungaji!" Kisha akagonga kifuniko cha shafti mara mbili kwa fundo la kidole, ko-ko, kama apigaye hodi. Hiyo ilikuwa ada yake kila akitaka kuwasha injini. Akaenda zake.

Lanchi ilipoinuliwa kutoka mwambani ilikozamia, Boga ndiye aliyeingia ndani mwanzo. Shafti ilikuwa imegeuka rangi ya buluu kwa moto. Utambi ulikuwa mkaa. Alisimama akisikiliza wenzake wakija, akachukua kikulabu, akaung'oa utambi wote ulioungua, akautia mfukoni.

Tangu siku hiyo ulikuwa katika kopo la tumbaku, rafu ya juu, chumbani mwake.

*

Kazi aliianza kwa bidii ya mtu anayetaka kuimaliza. Mota aliipata kwenye feni ya gari bovu, betri ya pikipiki. Shafti ya mwanzo alitumia spoki ya baiskeli, na rafadha akaikata kwenye bati la debe, mabawa matatu, akayakunja kwa koleo. Kila jioni watu walitoka barazani na vikombe vyao vya kahawa kuja kusimama juu ya mabega yake.

"Bawa hilo limelala mno," alisema mmoja.

"Wewe umeendesha nini maishani mwako ila mkokoteni?" alijibiwa.

Na glandi? Glandi aliishindilia pamba kavu kwa ncha ya sindano, akakaza kifuniko mpaka mwisho. Alijiambia ni chombo cha mchezo, hakiendi melini.

Siku ya kwanza walikipeleka hori la Mtongwe, maji ya baina ya mikoko nyuma ya nyumba, saa kumi alasiri, bamvua limejaa. Mwanasaumu hakuja, alisema atakuja siku ya kwenda, si siku ya kujaribu. Boga akawasha mota, akakisukuma chombo, akashika kisanduku. Kilikwenda. Watu wakapiga makofi. Kilikwenda hatua ishirini, kikafika mbele ya gogo la mkoko uliokufa, kikapunguza, kikanyamaza. Kikasimama pale kikitikisika kidogo. Halafu, polepole, tezi mbele, kinyumenyume, kikaanza kurudi.

"Maji yaleta," alisema mtu.

Lakini maji yalikuwa yameanza kupwa. Majani makavu yote yalikuwa yakienda nje kwenye mkondo, na chombo kikiyapita kikija ndani, mpaka kikagusa kifundo cha mguu wa Boga kwa kile kijitundu cha shafti. Kikatulia.

Mzee Nguma, aliyekuwa hana mtu asiyemchokoza, akapaza sauti. "Kimekuja kukuamkia hicho, Boga. Kiitikie marahaba!"

Watu wakaangua kicheko. Boga akainama kukichukua, na harufu ikampanda puani: pamba iliyoungua, na sifa. Sifa, mafuta ya papa! Na katika glandi ile hakutia sifa hata tone.

*

Hakulala, lakini hilo si la kusimuliwa, nani kati yetu hajapata kukosa usingizi. La kusimuliwa ni bidii aliyoizidisha. Aliitupa spoki akakereza shafti ya shaba, nyoofu, akaizungusha juu ya kioo mpaka isirukeruke. Aliinua mota kwa kipande cha ubao ili iwe mstari mmoja na shafti, akaziunga kwa mpira wa petroli wa pikipiki ili isishituke. Rafadha akaikata upya kwa bati la shaba, akapima kila bawa kwa mwenzake, akasugua kwa msasa mpaka Mwanatabu akaona uso wake ndani yake akatengeneza wanja. Kila kitu alikibadilisha, ila kimoja.

Siku ya pili chombo kilikwenda kwa nguvu zaidi na kikafa pale pale, mbele ya gogo lile lile. Kabla hakijafa, usukani wake ulijigeuza. Boga alikuwa ameshika kisanduku kwa mikono miwili, kidole mbali na kibonyezo, na kila mtu alimwona. Kutoka kwenye maji ikasikika sauti ndogo ya chuma, mara mbili. Ko-ko. Kikageuka kulia, kikazimika, kikarudi tezi mbele mpaka miguuni pake.

Safari hii Nguma alirudi nyuma hatua moja. Alikumbuka mtu mmoja aliyekuwa na ada ya kugonga mara mbili, na kwa macho ya watu ilikuwa dhahiri kwamba si yeye peke yake aliyekumbuka. Mwanatabu alisoma alichokijua cha Kurani, akatema kidogo kifuani mwake.

"Hicho kina mtu," akasema njiani. "Wallahi, Boga, hicho kina mwenyewe. Nimwambie nini Mwanasaumu?"

"Usimwambie kitu, dada. Nitamwita Odhiambo."

Odhiambo alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Changamwe. Alivuka kwa feri kesho yake na mkoba wake wa bisibisi, akapewa kiti, chai na sahani ya viazi, akakifungua chombo mbele ya hadhara iliyojaa mpaka juu ya kuta za ua.

"Hakuna jini hapa," alisema akitafuna. "Hii redio ni kama mlevi, inasikia kila mtu anayepiga kelele. Feri ikiwasha mtambo, inasikia. Gari bovu likipita, inasikia. Na kazi yake ni hii: ikisikia mara moja, huu mpira uliosokotwa unaachia meno moja, usukani unaenda kushoto. Mara mbili, kulia. Basi."

"Na kurudi nyuma kinyume cha maji je?" aliuliza Nguma.

Odhiambo akakohoa. "Hiyo ni mambo ya maji. Mimi ni mtu wa redio." Akashika rafadha, akajaribu kuizungusha kwa kidole. Ilikataa. Akatazama ndani, akamtazama Boga. "Lakini kufa najua kwa nini inakufa. Umeikaba koo, ndugu yangu. Hapa. Mota inapigana na hii pamba mpaka inachoka. Shika uone, ningesema bado ina moto wa jana kidogo. Legeza. Acha maji yaingie tone tone."

"Chombo changu hakivuji," Boga alisema.

"Basi hakitaenda."

Watu wakacheka, maana walidhani ni mzaha wa mafundi wawili. Boga akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

Hapo ndipo mambo yalipofungika. Mwanasaumu hakuwa mjinga. Alikuwa mke wa nahodha miaka tisa, akifua kanzu zenye mafuta ya injini, akisikiliza maneno ya injini kila usiku wa Mungu. Chombo kikivuja kidogo atauliza kwa nini. Akiambiwa kwa nini, atauliza la pili. Boga alilijua hilo swali la pili neno kwa neno. Akikaza, hakiendi, na hapana tambuu. Akilegeza, kitakwenda, na hilo swali litakuja.

*

Ijumaa moja Desemba imeingia, bendi ilikuja kufanya mazoezi ya sherehe pale feri, na Likoni nzima ikahamia huko. Mwanatabu naye akaenda, na baraza likamfuata. Kwa mara ya kwanza Boga alijikuta peke yake katika nyumba ile, mchana kweupe, jua liko katikati ya ua. Hakujua kwamba ilikuwa na sauti zake. Dari ililia. Mtungi ulijipoza ukatoa mlio. Karai lililogeuzwa likatanuka kwa jua, tang! Yeye, aliyezoea kufanya kazi huku watu kumi wakimpigia kelele masikioni, akajiona anaimba ili kuwe na mtu.

Chombo kilikuwa juu ya meza. Betri ilikuwa imetolewa, iko chini, waya zake zimening'inia.

Ko-ko.

Akaacha kuimba.

Alingoja. Alitaka sana mtu aingie, hata Nguma, hata mwenye cherehani yake iliyochelewa. Hakuingia mtu. Harufu ya sifa ilikuwa imejaa ua mpaka ikaziba ile ya mafuta ya viazi, na haikutoka kwenye chombo. Ilitoka chumbani mwake. Akaingia, akapandisha mkono rafuni, akalishusha kopo la tumbaku. Kifuniko kilikuwa kimefungwa sawasawa. Alipokifungua, ule mkaa wa pamba, uliokaa mkavu mwaka na miezi minne, ulikuwa umelowa maji.

Alionja kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

"Nimesikia," alisema kwa sauti, katika nyumba tupu. "Nimesikia, Faki. Niache basi nifanye kazi."

Akarudi mezani. Akachukua kikulabu kile kile, akang'oa pamba yote. Akasuka utambi mpya mwembamba, akaupaka grisi, akauzungusha mara tatu tu, akakaza kifuniko kwa vidole bila ya spana. Akaweka chombo katika beseni la maji, akazungusha rafadha kwa kidole, ikazunguka kama pia. Kisha akainama kutazama ndani. Chini ya glandi palikuwa pakavu. Pakang'aa. Tone likajikusanya, likavimba, likaanguka. Akahesabu mpaka ishirini. Likaanguka la pili.

Alisimama pale mpaka bendi ilipokwisha na nyumba ikajaa tena, na Mwanatabu akamkuta amelowa uso mzima. Akadhani ni jasho.

*

Siku waliyomwita Mwanasaumu ilikuwa Jumanne, siku mbili kabla ya bendera. Watu waliokuja horini! Waliokuwa na kazi waliacha kazi. Mwanatabu alikuja na tambuu tayari ndani ya mkoba, imefunikwa kwa kitambaa, na kila aliyeulizwa kuna nini ndani akaambiwa hakuna kitu, na kila mtu akajua. Odhiambo alivuka tena kutoka Changamwe, akasema ni kwa ajili ya redio, lakini alikwenda kwanza kwenye viazi.

Boga alimpa Mwanasaumu kisanduku. "Bonyeza mara moja, kinakwenda kushoto. Mara mbili, kulia."

"Najua. Faki alinifundisha kabla hakijawa na miguu."

Chombo kikaondoka. Kilikwenda kimya, omo limeinuka mbele, nyuma yake mkia mweupe wa maji. Kikafika mbele ya gogo lile la mkoko uliokufa, na watu mia wakazuia pumzi. Kikalipita. Mwanasaumu akabonyeza, kikazunguka kushoto duara kubwa, akabonyeza, kikanyooka. Alicheka. Watu hawakuwahi kumsikia akicheka tangu Agosti ile, na wengine wakatazama chini kwa haya, kwa sababu walijijua. Akakirudisha mpaka miguuni pake, omo mbele kama chombo kinachorudi nyumbani. Mwanatabu akaanza kufungua mkoba wake.

Mwanasaumu akapiga magoti majini na buibui lake, akafunua kifuniko cha nyuma. Mota ilikuwa ingali ikizunguka. Ndani, chini kabisa, palikuwa na maji ya kujaza kijiko.

"Chavuja," akasema.

"Kidogo."

"Wewe? Mwana wa mkalafati?"

Boga angeweza kusema ni kwa haraka ya kazi. Angeweza kusema nitarekebisha kesho, shemeji, na wangekwenda nyumbani wakala tambuu. Jibu hilo lilikuwa kinywani, limeshatafunwa tayari.

"Lazima kivuje," alisema. "Glandi ikikazwa hata isitoe tone, shafti inapata moto, utambi unaungua. Ukishaungua, bahari yaingia yote kwa mara moja."

Mwanasaumu hakuinua kichwa. Kidole chake kilikuwa chini ya ile glandi ndogo, kikingoja tone, kikalipata.

"Na ile ya kazini," aliuliza polepole, "ilikuwa ikivuja?"

Watu waliokuwa karibu wakaacha kusukumana.

"La," alisema Boga. "Niliikaza."

Akatoa kopo la tumbaku mfukoni, akalifungua, akamnyooshea. Hakumwambia ni nini. Mke wa nahodha miaka tisa aliutazama ule utambi mweusi, akajua.

"Faki aliona?"

"Alipitisha mkono akaona pakavu. Akanisifu."

"Na barua ya kampuni? Alipoambiwa alilala?"

"Nilikuwa nao huu mfukoni."

Mwanasaumu akasimama. Maji yalimdondoka kwenye pindo. Hakupiga kelele, na ingalikuwa afadhali apige. "Nimekula samaki zako," akasema. "Mwaka na miezi minne nala samaki zako nikikuombea dua." Kisha akageuka, akawaonyesha kwa mkono wote waliosimama ufukoni, Nguma, wanawake wa harusini, wote. "Waambie hawa. Mimi nimeshasikia. Waambie hawa walionila nyama."

Na Boga, akiwa amesimama katika maji ya magoti, akasimulia. Alisimulia tangu Singasinga mpaka mfukoni. Alikuwa msimulizi mzuri, nyumba ile ilikuwa imemlea, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemkatiza. Alipofika pale pa ko-ko, Mwanatabu akakaa chini mchangani na mkoba wake mapajani, akaufunga.

Boga alipokuwa akisimulia, Mwanasaumu aliinama, akafunika kifuniko cha nyuma, akakiachia chombo. Kilianza kwenda. Kisanduku kilikuwa kimewekwa juu ya jiwe, hakuna mtu karibu yake. Odhiambo aliapa hivyo siku ile na akaapa hivyo maisha yake. Mbele ya gogo sauti ikasikika mara mbili, chombo kikageuka kulia, upande wa mlango wa bandari, kikanyooka. Mtu mmoja akapiga hatua kukifuata, Nguma akamshika mkono. Kilipita mikoko ya mwisho kikiwa kimeinua omo lake, na hapana aliyekiona kikipunguza.

*

Bendera ikapandishwa. Barazani watu walikuwa na mengi ya kusema, lakini waliyasema yale ya bendera kwa sauti na ya Boga kwa pembe ya mdomo, wakinyamaza kila alipotoka uani. Alikwenda kwa meneja wa kampuni akamweleza. Meneja alikuwa akifunga makasha yake kwenda Ulaya, akasema faili lile limeshafungwa. Lakini harusi ya mwanzo iliyokuja Mtongwe, Mwanasaumu alipoingia, bibi mmoja aliwaambia wenzake wasogee. "Mpisheni mke wa Nahodha Faki." Na wakampisha.

Siku ya tatu baada ya hapo Mwanasaumu alikuja kwa Mwanatabu, akapita baina ya watu, akaweka kisanduku cha kibonyezo juu ya meza ya Boga.

"Shemeji," Boga alianza.

"Usiniite hivyo. Aliyekupa ushemeji hayupo." Hakuonekana na hasira. Alionekana mtu aliyelala vizuri. "Chombo amekwenda nacho mwenyewe. Hichi si changu cha kukaa nacho. Kitakuwa kwako."

"Nikifanye nini?"

"Betri nimeitia mpya," alisema, akaondoka.

Kiko rafuni, mahali pa kopo la tumbaku. Alasiri, baraza likijaa na Nguma akianza kumchokoza mtu, mara nyingine Boga hukishusha, akaweka kidole juu ya kibonyezo, na kuihisi baridi yake. Hajapata kukibonyeza. Hori liko hatua mia kutoka pale, na hajui akiogopacho zaidi: abonyeze pasirudi kitu, ama abonyeze kirudi, tezi mbele, mpaka miguuni pake. Hukirudisha rafuni, akashika tupa yake, na mpaka jua linakuchwa sikio lake moja huwa limebaki upande wa maji.